Wacheni Kutuambia Ati "Tunapambana"

Kuna kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachotudanganya kila asubuhi, na sisi tunakiacha kipite tu kama matatu kwenye taa nyekundu. Kitenzi chenyewe ni "grapple".

Unakijua. Fungua ukurasa wowote wa habari za Kiingereza. Wakaazi wana-grapple na mafuriko. Vijana wana-grapple na ukosefu wa kazi. Familia zina-grapple na bei ya unga. Wizara ina-grapple na ufisadi. Wote wamevalishwa kitenzi kimoja kama sare ya shule. Halafu jioni mtu wa habari za Kiswahili anaichukua sentensi hiyo, anaigeuza mbio mbio kabla taarifa ianze, na sisi tunapata: "Wakenya wanapambana na gharama ya maisha."

Mimi nasema hapana. Mara nyingi hatupambani. Na leo nitakuonyesha kwa kutumia kamusi ya Kiitaliano. Ndio, Kiitaliano. Tulia, utaelewa.

Kabla mtu hajaniuliza "kwani wewe ni profesa?", jibu ni la. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Lakini kamusi haiulizi mtu cheti mlangoni. Nilifika kwa hii stori kupitia kazi. Mteja mmoja wa Malindi alikuwa na video fupi za mazoezi ya mieleka, akataka maandishi ya Kiingereza na Kiitaliano chini yake. Kama hujui, Malindi na Watamu Waitaliano wamekuwa wakiishi na kufanya biashara kwa miongo kadhaa, na kuna wasee wengi wa ufuoni wanaongea Kiitaliano safi bila kuwahi kukalia dawati la darasa la Kiitaliano. Basi nikafungua kamusi nikitafuta neno moja tu. Nikapewa orodha. Kadri nilivyoisoma ndivyo nilivyozidi kukasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya Waitaliano.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. "Grapple" ilianza kama kitu, si kama kitendo. Ilikuwa kulabu. Kiingereza kililitoa neno hilo kwenye Kifaransa cha zamani. Ni ile kulabu ya chuma unayoifunga kamba, unairusha kwenye meli ya adui, ikishika unavuta, halafu watu wako wanarukia ndani na silaha. Warumi waliijua sana kazi hii. Mwaka wa 36 kabla ya Kristo, karibu na kisiwa cha Sicily, jemadari Agrippa alitumia kulabu zilizorushwa kwa mtambo kuzikamata meli za Sextus Pompeius, na akamshinda. Hata "grape", zabibu unazokula, ni wa ukoo huo huo wa kulabu.

Sasa angalia kitu kimoja hapo. Kulabu ina mwenyewe. Kuna aliyerusha na kuna aliyeshikwa. Neno lilizaliwa likiwa na mkono wa mtu ndani yake.

Baadaye likaingia kwenye mieleka: watu wawili wameshikana, kila mmoja anatafuta kumwangusha mwenzake. Ndugu yake "wrestle" alitokana na kupinda na kusokota. Bado hakuna shida. Miili miwili, mikono minne, refa mmoja, na kila mtu anaona nani yuko juu na nani yuko chini.

Halafu Waingereza wakaliongezea "with" na kulihamishia kwenye matatizo. Una-grapple na swali, na msiba, na deni. Hapo ndipo mkono ulipotelea. Sentensi inakuonyesha mtu mmoja anayehangaika, na mbele yake kuna kitu kisicho na uso: "gharama", "hali", "changamoto". Nani alirusha kulabu? Sentensi haisemi. Na huwezi kuishtaki, kwa sababu kisarufi iko sawa kabisa.

Sasa tuje kwa Waitaliano. Ukitafuta "grapple" kwenye kamusi yao hupewi neno moja. Unapewa rafu nzima ya duka, na lazima uchague.

Kuna "afferrare", kukamata kwa nguvu. Hilo ni la mkono moja kwa moja, kama kumshika mwizi kola. Lina pia maana ya kuelewa, vile sisi huuliza "umeshika?" baada ya kumweleza mtu jambo.

Kuna "lottare". Hili ni zito. Mieleka ya Olimpiki kwa Kiitaliano inaitwa "lotta". Na mapambano ya kitabaka, yale ya wafanyakazi dhidi ya wenye viwanda, nayo ni "lotta". Mwaka wa 1969 wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini mwa Italia, kama Fiat kule Turin, waligoma mpaka msimu wenyewe ukabaki na jina la vuli ya moto. Kundi moja la mrengo wa kushoto lililozaliwa wakati huo lilijiita Lotta Continua, yaani mapambano yanaendelea. Neno la ulingoni na neno la mgomo ni moja! Ukisema mtu anafanya lotta umesema kwamba amesimama kwa miguu yake, anamjua mpinzani wake, na anataka kumwangusha.

Na hapa ndipo niliwapenda. Ile mieleka ya televisheni kutoka Marekani, ya mikanda ya dhahabu na watu kuvunjiwa viti mgongoni, Waitaliano hawaiiti lotta. Wanaiita "wrestling", vile vile kwa Kiingereza. Jina la kitu halisi wameliwekea kitu halisi, na onyesho wakaliachia jina la kigeni. Shika hiyo, tutairudia.

Kuna "cimentarsi", kujipima na jambo gumu kwa hiari yako. Usidhani ni saruji, saruji ni "cemento". "Cimento" ni jaribio. Mwaka wa 1657 kule Florence, watu waliofuata njia ya Galileo walianzisha Accademia del Cimento, chama cha kufanya majaribio ya sayansi. Kwa hivyo yule dada anayejifundisha kompyuta usiku baada ya kazi ya duka, huyo ndiye wa "cimentarsi". Hakuna aliyemsukuma. Amechagua mlima wake mwenyewe.

Kuna "essere alle prese con". Hili ndilo kamusi hupenda kukupa kwa "grapple with". "Presa" ni mshiko. Ni mshiko wa mieleka, na pia ndiyo soketi ya stima pale ukutani. Kuwa "alle prese" ni kuwa ndani ya mishiko. Halisemi ni wewe ulianza. Halisemi unashinda. Linasema tu kwamba wewe na hilo jambo mmeshikana na bado hamjaachana. Nisiwe mnafiki: hili nalo linaweza kumficha mtu vizuri sana. Lakini limewekwa pale pamoja na wenzake, na ukiliokota ukaacha mengine, umeamua.

Halafu kuna mtego: "aggrapparsi". Ukiliona utaapa ni pacha wa "grapple". Ukoo ni ule ule wa kulabu. Lakini maana yake ni kushikilia ili usianguke. Kushikilia tawi, kamba, tumaini. Mfa maji hukamata maji, na huyo mfa maji ndiye wa "aggrapparsi". Liweke kwenye video ya mieleka na utakuwa umesema mwanamieleka amemkumbatia mwenzake ati asianguke.

Kwa ufupi, ndani ya kitenzi kimoja cha Kiingereza kuna mtu anayekamata, mtu anayepigana, mtu aliyejichagulia mtihani, mtu aliyenaswa, na jirani yao wa karibu kabisa ni mtu anayening'inia. Hao ni watu watano tofauti. Mwitaliano akitafsiri habari yako, lazima aulize: ni yupi kati ya hawa?

Tumuulize hilo swali kuhusu sisi.

Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024. Maji yalikuja alfajiri watu wakiwa wamelala, yakabeba nyumba na wenye nyumba. Mahali popote palipoandikwa kwamba wakaazi walikuwa wana-grapple na mafuriko, niambie Mwitaliano aweke neno gani. "Lottare"? Hakuna mtu anayepiga mieleka usingizini. "Cimentarsi"? Nani alijiandikisha kwa huo mtihani? Aliyepata mti aliushikilia, huyo ni "aggrapparsi". Wengine hawana neno lolote la ulingoni. Walikumbwa. Walisombwa.

Na wiki zilizofuata, watu wa kando ya mito Nairobi, kule Mathare na kwingineko, waliambiwa wahame, halafu tingatinga likaja kubomoa. Hao nao ukiwaweka kwenye kitenzi hicho hicho, "wana-grapple na makao", umefanya kazi chafu. Tingatinga lina dereva. Dereva ana amri. Amri ina sahihi. Kitenzi kimoja kimewafuta wote watatu na kumwacha mama amesimama kwenye picha na godoro lake, kama aliyeteleza mwenyewe.

Twende kwa mpangaji. Mwenye nyumba ameongeza kodi, mshahara umekaa pale pale, na siku ya kumi mpangaji anarudi jioni anapata kufuli mpya mlangoni mwa keja. Vitu viko ndani, yeye yuko nje. Ukisema huyu "anapambana na gharama ya maisha" unanichekesha. Gharama ya maisha haina mikono ya kufunga kufuli.

Sasa nijibu wale wa "lakini Kiswahili hakina maneno." Buda, Kiswahili ndicho kingetuokoa hapa kama tungekitumia.

Chukua kitenzi kimoja tu: kukaba. Mtu amekukaba: kuna mwenye mkono na kuna mwenye shingo. Umekabwa: shingo ni yako, na swali la kwanza atakalouliza mtu yeyote mtaani ni "na nani?" Mmekabana: mko sawa, kila mmoja ana mkono kwenye shingo ya mwenzake. Silabi moja mwishoni mwa neno na tayari nimejua nani anaumia. Kiingereza hapo kingetafuta sentensi nzima. Sisi tunamaliza kwa kiambishi.

Na angalia hii: kung'ang'ana na kung'ang'ania. Kung'ana'ng'ana kokote ni kutia bidii bila kukata tamaa. Kung'ang'ania ni kushikilia kitu kisikutoke. Mwanafunzi anang'ang'ana. Mzee wa kiti cha ofisi, ambaye muda wake umeisha, anang'ang'ania. Irabu moja tu, na umeshatenganisha "lottare" na "aggrapparsi". Mtu wa Florence angekulipa doo kwa hiyo irabu.

Tuko na kupigana mieleka, kumenyana, kuvutana, kukumbwa, kunaswa, kubanwa, kulemewa, kuhangaika, kutapatapa. Kila moja lina picha yake na kila moja linajua nani yuko juu. Halafu kwenye taarifa tunachagua mawili yaliyochoka, "kupambana na" na "kukabiliana na", tunayapaka juu ya kila kitu kama rangi ya kanjo.

Hiyo "-ana" mwishoni mwa kupambana haiko hapo kwa urembo. Inasema pande mbili. Inasema uko na mpinzani na mnatoshana. Ndiyo maana ni uongo kuitumia pale ambapo upande mmoja una mkono na mwingine una shingo.

Mtu wa Nairobi anaelewa hii kuliko mtu yeyote. Ukipita mahali pa giza upigwe ngeta, mkono utokee nyuma ukakushika koo mpaka macho yaone nyota, simu iende, pochi iende, hakuna rafiki yako atakayesimulia ati "jana alikuwa anapambana na mkono." Watasema umepigwa ngeta. Watauliza wapi, saa ngapi, walikuwa wangapi, uliwaona sura? Ngeta ya mtaani tunaitafutia mwenyewe. Ngeta ya unga, ya kodi, ya ushuru, tunaambiwa tuna-grapple.

Najua kuna mtu atanipinga hapa, na ana hoja. Atasema: "Lakini sisi wenyewe husema tunapambana. Mtu wa boda anasema. Mama mboga anasema. Unataka kutunyang'anya heshima yetu utuite wahasiriwa?"

Hapana. Hilo neno ni letu na libaki letu. Mtu aliyeamka saa kumi usiku kwenda sokoni, akasema "napambana", amejipa jina la mwanamieleka na amelistahili. Amekataa kuitwa mtu wa kuning'inia. Hiyo ni lotta kabisa. Shida inaanza pale mwenye mkono kwenye shingo yako anapokuambia "pambana". Kutoka mdomoni mwako ni ujasiri. Kutoka kwake ni amri ya kuzoea. Na mtangazaji akilitumia bila kuuliza, anamsaidia huyo wa pili hata kama anampenda wa kwanza.

Kuna kipimo rahisi. Ukisema mtu anapambana, taja anapambana na nani, si na nini. Kama huwezi kumtaja, labda hapambani. Labda amenaswa, na kazi yako ni kutafuta aliyetega.

Sasa ile ya wrestling niliyokuambia ushike. Kitenzi hiki kina wateja wawili. Mteja wa kwanza ni mwananchi, kinamfanya aonekane yuko ulingoni wakati amelala chini. Mteja wa pili ni mkubwa, kinamfanya aonekane anatoa jasho wakati amekaa. "Wizara inapambana na ufisadi." Sawa, nionyeshe mshiko. Kwenye lotta ya kweli mshiko unaonekana: nani amekamatwa, wapi, pointi ngapi. Mtu anaanguka na bega lake linagusa mkeka. Kwenye lile onyesho la televisheni kuna kelele, kuna muziki wa kuingia, kuna kutoleana vidole, na mshindi alijulikana kabla taa kuwashwa. Kila kamati inapoundwa ichunguze kamati nyingine, jiulize: hii ni lotta ama ni wrestling?

Waitaliano wameweka majina mawili. Sisi tumeyaita yote mieleka, halafu tunashangaa mbona kila mara tunalipa tiketi ya mchezo tukaonyeshwa sinema.

Sisemi Kiitaliano ni lugha ya malaika. Wako na uongo wao, wako na magazeti yao, na nimekuambia kuhusu "alle prese". Na wala sisemi Kiingereza kifutwe. Nasema kutafsiri si kubadilisha nguo za neno. Kutafsiri ni kuamua nani alimfanyia nani nini, na mtu aliye na haraka ya taarifa ya jioni akikosa kuamua, kuna mtu ameshaamuliwa: yule wa chini. Ameamuliwa kwamba mkono ulio shingoni mwake ni hali ya hewa.

Na wewe unayefanya kazi za mtandaoni za kuandika maandishi chini ya video, za kutafsiri kurasa tano kwa pesa ya nauli, hii ni yako zaidi. Programu ya kutafsiri kwenye simu yako inaweza kukupa "lottare" kila mahali ama "kupambana" kila mahali, na mteja hatajua. Wewe utajua. Simama hapo sekunde kumi. Angalia picha. Nani ana mkono, nani ana shingo? Ukishaona hilo, neno litakuja lenyewe, kwa Kiitaliano ama kwa Kiswahili cha mtaani kwenu.

Wiki hii nataka tufanye kitu kimoja. Ukikutana na kichwa cha habari kinachosema watu wanapambana na kitu, kiandike upya. Kama wamekabwa, andika wamekabwa, na uongeze na nani. Kama wanang'ang'ana, wape sifa yao. Kama kuna mzee anang'ang'ania, mwandikie ile irabu yake asiikose. Nitumie uliyoandika, nitazisoma zote.

Na mtu akikuambia "pambana tu" huku amekukalia kifuani, mwambie aondoke kwanza. Ndio mieleka ianze.